Nani Abadilishe Namba ya Toleo?

Jumatatu saa tano asubuhi simu iliita. Alikuwa msimamizi wa ghala la mteja wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi. "Mwanangu, mlisema toleo 2.3.1 limeponya ile shida ya risiti kutoka mara mbili. Nimeshaliweka. Mbona bado zinatoka mbili?" Nikamwomba afungue ukurasa wa "Kuhusu" ndani ya programu anisomee kilichoandikwa chini kabisa. Akasoma taratibu: mbili, nukta, tatu, nukta, moja. Mezani kwangu nilikuwa na simu yenye 2.3.1 hiyohiyo, na risiti ilikuwa inatoka moja.

Ilituchukua siku mbili. Tuliilaumu printa, tukaulaumu mtandao wa pale ghalani, na kwa aibu naandika kwamba kuna saa tulimlaumu hata yule mama. Mwishowe kijana mmoja ofisini akapata wazo la kulinganisha ukubwa wa mafaili mawili ya APK, yaani vifurushi vya kuweka programu kwenye simu. Langu lilikuwa MB 18.6. Lile lililotumwa ghalani kwa WhatsApp lilikuwa MB 18.4. Vitu viwili tofauti, jina moja.

Kilichotokea ni hiki. Alhamisi jioni nilibadilisha namba kwanza, nikahifadhi na kuisukuma kwenye hazina ya msimbo, yaani mahali pa pamoja tunapoweka maandishi ya programu, nikajisemea marekebisho yenyewe nitayaingiza nikishakula. Nikiwa mezani, mwenzangu akavuta msimbo, akaona 2.3.1 imeshaandikwa, akajenga kifurushi na kukituma. Hakukosea. Alisoma kibao cha mbele ya daladala akapanda, asijue kwamba konda amegeuza kibao kabla gari halijageuza njia.

Tangu siku hiyo nina msimamo, na safu hii naiandika kuutetea: kuiandika namba ya toleo ni kazi ya mashine, mkono wa mtu usiiguse kabisa. Ila kuamua namba hiyo iwe ngapi ni kazi ya mtu, na mifumo inayotaka kumnyang'anya mtu uamuzi huo siiamini.

Nianze na kuandika. Anayedhani ni jambo dogo ahesabu kwanza mahali namba inapokaa. Kwenye mradi wetu ilikuwa mara mbili ndani ya build.gradle, faili la maagizo ya kujenga programu ya simu, ndani ya package.json, faili la maelezo ya seva, kwenye ukurasa wa "Kuhusu", kwenye mwongozo wa PDF, kwenye orodha ya mabadiliko na kwenye lebo ya Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo. Sehemu saba. Tulikuwa tunatafuta "2.3.0" kwenye folda nzima na kubandika "2.3.1" kila inapotokea. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri hadi siku tulipogundua kwamba maktaba moja, yaani msimbo wa kuazima ulioandikwa na watu wengine, tuliyokuwa tunaitumia nayo ilikuwa toleo 2.3.0. Tukaibadilisha pamoja na yetu bila kujua, na mradi ukakataa kujengwa kwa sababu 2.3.1 ya maktaba ile haijawahi kuwepo duniani.

Zile mbili za build.gradle zinastahili maelezo. Android ina versionName, maandishi ya kusomwa na watu, na versionCode, namba nzima ya kusomwa na mashine. Google Play haikubali upakie kifurushi kipya chenye versionCode iliyokwisha kutumika, na simu ya kawaida haikubali kuweka chenye namba ndogo juu ya chenye kubwa. Kwa hiyo kati ya zile saba, moja angalau ina askari mlangoni. Hata hiyo moja ina ukomo: Google Play hairuhusu izidi 2,100,000,000. Wapo wanaotumia tarehe na saa kama versionCode, mfano 2024061501, na hesabu inawatosha mpaka karne hii iishe. Watakaokuwepo mwaka 2100 wajipange wenyewe. Tatizo letu ni kwamba kifurushi cha WhatsApp hakipiti kwa askari wa Google Play. Kilienda moja kwa moja kwenye simu ya ghalani, na hapo namba pekee iliyosomwa ilikuwa ile niliyoichapa kwa vidole.

Na vidole ni nusu tu ya tatizo, maana namba ya toleo inasomwa na mashine kuliko inavyosomwa na watu, na mashine nyingi zinaisoma vibaya. Mwaka 2009 kivinjari cha Opera kilipofika toleo la 10, kulikuwa na tovuti zilizokuwa zinaangalia tarakimu ya kwanza tu. Zikiona 10 zilisoma 1, zikaamua mgeni huyu ni mzee wa zama zilizopita. Opera wakasalimu amri: kivinjari chao kikawa kinajitambulisha kama 9.80, na ile 10 halisi wakaisogeza mwishoni mwa utambulisho. Windows 7 nayo, ukiiuliza kwa ndani, inajibu kwamba ni 6.1. Microsoft waliogopa kuvunja programu zilizoandikwa kuangalia namba kubwa ya kwanza. Mwaka 2022 Chrome na Firefox zilipokaribia toleo la 100, waundaji wake walilazimika kufanya majaribio mapema kwa kujitambulisha kwa namba hiyo ili waone tovuti zipi zitaanguka kwa kuzoea tarakimu mbili.

Ninayoipenda zaidi ni ya Python, lugha ya kuandikia programu. Toleo 3.10 lilipotoka Oktoba 2021, watu duniani kote waliongeza mstari mmoja kwenye mafaili yao ya YAML, mtindo wa kuandika mipangilio, wakiagiza mradi ujaribiwe kwa Python 3.10. YAML ikaona namba yenye desimali, na kama mwalimu wa hesabu wa darasa la sita alivyotufundisha, sifuri ya mwisho baada ya nukta haina thamani. Ikasoma 3.1. Mitambo ikaanza kuitafuta Python ya mwaka 2009. Dawa yake ni alama mbili za kunukuu tu, lakini ninawajua watu waliokesha kabla ya kuipata. Mimi mwenyewe niliwahi kurithi skripti ya kupandisha toleo iliyokuwa inajumlisha 0.1. Ilifanya kazi miezi mingi. Ilipofika 1.9 ikatoa 2.0, na wateja wakapiga simu kuuliza ni mambo gani makubwa tumeyaleta. Tulikuwa tumebadilisha rangi ya kitufe.

Hiyo simu ya wateja ndiyo inayonipeleka kwenye sehemu ya pili. Walikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta zina maana inayokubalika. Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, aliiandika kama kanuni, na toleo la 2.0.0 la kanuni hiyo ndilo linalofuatwa na wengi leo. Ukirekebisha kasoro bila kubadilisha namna programu inavyotumika, pandisha namba ya tatu. Ukiongeza jambo jipya bila kuharibu la zamani, pandisha ya katikati. Ukivunja kitu ambacho watu walikuwa wanakitegemea, pandisha ya kwanza.

Kwenye ulimwengu wa JavaScript, lugha ya programu za tovuti, kanuni hii imegeuka kuwa amri kwa mashine. Ukiandika ^1.4.0 kwenye package.json, umemwambia npm, kifaa kinacholeta maktaba, alete toleo lolote kuanzia hapo ilimradi namba ya kwanza ibaki 1. Unampa mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba yako kwa ahadi kwamba ataingia kurekebisha bomba tu. Januari 2022 mwenye maktaba ya colors, iliyokuwa inatumiwa na maelfu ya miradi kupaka rangi maandishi, alitoa 1.4.1 yenye kitanzi kisichoisha kinachomwaga maandishi ya ovyo kwenye skrini. Kwa namba, lilikuwa badiliko dogo kuliko yote. Mitambo ikalipokea bila kuuliza. Ile 1 ya mwisho ilikuwa uongo, na hakuna mashine iliyokuwa na njia ya kujua.

Sasa tutazame vifaa vyenyewe. Vya aina ya kwanza navisifu bila kusitasita. Ukiandika npm version patch, inapandisha namba ya tatu, inaiandika kwenye package.json, inahifadhi badiliko hilo kwenye Git na kulibandika lebo, yote kwa pigo moja. Na ikikuta una mabadiliko ambayo hujayahifadhi, inagoma. Kwenye Python kuna setuptools_scm, ambayo haihitaji namba iandikwe mahali popote: inaiangalia lebo ya Git na kuitoa humo wakati wa kujenga. Kwa lugha nyingine zote kuna amri ya git describe. Ukiiuliza, inakujibu kitu kama v2.4.0-14-g3f9c1ab, yaani lebo ya karibu ni 2.4.0, yamepita mabadiliko kumi na manne tangu hapo, na alama ya badiliko lenyewe ni 3f9c1ab. Hakuna faili la kusahau, kwa sababu hakuna faili. Wote hawa wanamwachia mtu kazi moja, kusema "sasa ni 2.4.0", kisha wao wanaibeba mpaka kila kona.

Aina ya pili ndiyo inayonipa shida. Hapa yupo semantic-release na ndugu zake. Wazo lake linavutia: kila unapohifadhi badiliko, anza ujumbe wako kwa neno maalumu. Ukiandika fix, mashine itapandisha namba ya tatu. Feat, ya katikati. Ukitaja BREAKING CHANGE, ya kwanza. Mtu hasemi namba tena. Mashine inasoma ujumbe wote tangu toleo lililopita, inaamua, inabandika lebo, inachapisha. Wanaoipenda wanasema imeondoa hisia kwenye utoaji wa matoleo, na hapo ninawaelewa. Kuna timu zinazoogopa kupandisha namba ya kwanza kama mtu anavyoogopa kutangaza posa, na kuna nyingine zinaipandisha kila meneja wa masoko anapohitaji habari ya kuandika.

Lakini tazama kinachotokea chini yake. Kwenye mradi mmoja niliofanyia kazi, mwenzetu alikuta tarehe kwenye ripoti zinatoka siku, mwezi, mwaka. Kwenye maelezo ya mradi ilikuwa imeandikwa mwaka utangulie. Akaisahihisha na kuandika "fix: panga tarehe kama ilivyoelezwa". Alikuwa sahihi kabisa: ilikuwa kasoro, naye ameirekebisha. Mashine ikapandisha namba ya tatu na kuchapisha usiku uleule. Asubuhi, watu wa uhasibu waliokuwa wanaivuta ripoti hiyo kwenye Excel wakakuta safu nzima ya tarehe imekufa. Walikuwa wameijenga kazi yao ya mwaka mzima juu ya kasoro yetu.

Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google, ana kauli inayojulikana kwa jina lake kuhusu hili: programu ikishapata watumiaji wa kutosha, kila tabia yake inayoonekana, hata ile usiyoiahidi, kuna mtu anaitegemea. Kama ni hivyo, badiliko haliwezi kujulikana kuwa linavunja au halivunji kwa kulitazama lenyewe. Linajulikana kwa kumtazama anayelitumia. Mwandishi wa msimbo saa nne usiku hamuoni mhasibu. Semantic-release haikuondoa uamuzi wa mtu, iliuhamisha tu: kutoka siku ya kutoa toleo, ambapo watu wawili watatu wangekaa na kuulizana nani ataumia, hadi kwenye neno moja analolichapa mtu mmoja aliyechoka, neno ambalo hakuna atakayelirudia kulisoma isipokuwa mashine.

Ndiyo maana nikilazimika kuchagua nachagua vifaa vinavyopendekeza na kusubiri. Release-please ya Google inasoma ujumbe uleule wenye fix na feat, lakini haichapishi. Inafungua ombi kwenye GitHub: namba ninayoipendekeza ni hii, na orodha ya mabadiliko ni hii. Likikaa siku tatu bila kukubaliwa, toleo halitoki. Changesets, inayopendwa na wenye miradi yenye vifurushi vingi, inamtaka mwandishi aandike faili dogo la maneno pamoja na badiliko lake, aseme ni kubwa au dogo na aeleze kwa nini. Faili hilo linapitiwa na wenzake kama msimbo mwingine wowote. Uzuri wake ni kwamba hapo ndipo mtu anauliza, "Hivi wahasibu wanajua?"

Zaidi ya hayo, kuna namba ambazo mashine haingezitoa kamwe. Mwaka 2011 Linus Torvalds, muundaji wa Linux, alitoka Linux 2.6.39 akaenda 3.0 bila kukusudia kuvunja chochote. Zile namba zilikuwa zimekua mno, basi. Donald Knuth ameamua kila toleo jipya la TeX, programu yake ya kupanga maandishi ya vitabu, liongeze tarakimu moja ya pai, kwa hiyo sasa liko 3.141592653. Kwa kanuni ya namba tatu wote wawili wamepotoka. Wengi wanaotumia vitu vyao hawakuchanganyikiwa.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba haya yote ni mambo ya lebo, na lebo haiui. Namkumbusha tarehe 1 Agosti 2012, Marekani. Kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ilikuwa imepanga kuweka msimbo mpya kwenye seva zake nane. Fundi aliunakili kwenye saba akaisahau ya nane, na hakukuwa na mtu wa pili wa kuhakiki. Msimbo mpya ulitumia tena swichi iliyokuwa ya kazi ya zamani iitwayo Power Peg, iliyoachwa tangu 2003 lakini haijawahi kufutwa. Soko lilipofunguliwa, seva ya nane iliamka na kazi ile ya zamani, ikaanza kununua na kuuza bila kikomo. Kabla ya soko kufunguliwa mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zenye kulitaja jina hilo la Power Peg. Hakuna aliyezishughulikia. Kisha likafuata jambo ambalo kila nikilisoma linanitoa jasho: katika kuhangaika kuzima moto, waliuondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa. Sasa zote nane zikawa na ugonjwa. Dakika 45 ziligharimu zaidi ya dola milioni 460.

Kwenye ripoti ya mamlaka ya soko la hisa la Marekani yamo mengi, lakini mimi nasoma hivi: hakuna mtu chumbani aliyeweza kuziuliza seva nane "wewe ni toleo gani?" na kupata majibu manane ya kuaminika. Wangeyapata, wangeona moja haifanani na nyingine kabla ya kugusa zile saba.

Na jibu hilo la kuaminika halitoki kwenye namba peke yake. Machi 2024 ilipogundulika hila kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, kipande kilichoiamsha kilikuwa kwenye kifurushi cha kupakua lakini hakikuwemo kwenye hazina ya msimbo. Machi 2025 wavamizi walichukua lebo za matoleo ya tj-actions/changed-files, kifaa kinachotumiwa na hazina zaidi ya 23,000 kwenye GitHub, wakazielekeza kwenye badiliko lao lenye sumu. Aliyeandika "nipe toleo fulani" alipewa toleo hilo kwa jina na kitu kingine kwa ndani. Aliyeandika ile alama ndefu ya badiliko lenyewe hakuguswa. Kwa hiyo namba yoyote ninayomwonyesha mteja sasa nataka ifuatane na alama hiyo, hata kama inachukiza macho.

Hapa kwetu, ambapo timu mara nyingi ni watu watatu na mmoja wao ndiye pia anayepokea simu za wateja, haya hayahitaji mtambo mkubwa. Ya kwetu ni skripti ya mistari isiyofika ishirini. Tunakaa dakika kumi, tunakubaliana namba, mmoja anabandika lebo. Skripti inaendesha git describe, inaingiza jibu kwenye versionName, inahesabu versionCode, inaliandika kwenye ukurasa wa "Kuhusu" na kulipa faili la APK jina hilohilo. Tumeongeza neno moja kwenye amri, --dirty, ili kifurushi kikijengwa kutoka kwenye kompyuta yenye mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, jina lake liishie na neno hilo.

Miezi miwili baadaye yule mama wa ghala alipiga tena. Bei za jumla zilikuwa hazionekani. Nikamwomba afungue ukurasa wa "Kuhusu". Akaanza kusoma: v, mbili, nukta, tano, nukta, sifuri, kistari, tatu, kistari, g... Akasimama kidogo. "Mwanangu, mwisho hapa pameandikwa dirty. Simu yangu nimeifuta asubuhi hii hii, uchafu gani tena huu?"

Nikageuza kichwa kumtazama mwenzangu wa meza ya pili. Alikuwa ameshaanza kucheka.